Injini isiyo na maji: Porsche 911 inavyofunguliwa na kufungwa upya nyumbani

Injini za Porsche 911 zilizotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1998 hazina rejeta wala tone la maji. Silinda sita zimelala, tatu kushoto na tatu kulia, na feni inayozungushwa kwa mkanda inasukuma hewa ipite kati ya mapezi ya alumini yaliyoizunguka kila silinda. Hewa hiyo lakini haifanyi kazi peke yake. Joto jingi linabebwa na oili, ndiyo maana matoleo ya miaka ya 1980 yanachukua karibu lita 13. Oili hiyo haikai tumboni mwa injini kama ilivyo katika magari mengi. Ina tangi lake ndani ya madigadi ya nyuma upande wa kulia. Pampu yenye vyumba viwili inaifyonza kutoka chini ya injini na kuirudisha tangini, kisha inaitoa tangini na kuisukuma kwenye beringi. Kwa hiyo anayeifungua injini hii katika gereji ya nyumbani anashughulika na mambo mawili kuliko yote: njia za oili, na tabia ya metali tofauti kutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Injini nyingi zinazokufa mapema baada ya kufungwa upya zimekosewa katika moja ya hayo.

Ukoo wake unaanzia kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, ukapitia Porsche 356 yenye silinda nne, na kufika Frankfurt mwaka 1963, gari jipya lilipooneshwa likiitwa 901. Peugeot walikuwa na haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, hivyo sifuri ikageuzwa moja. Injini ya kwanza, ambayo mhandisi Hans Mezger alikuwa na mkono mkubwa ndani yake, ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,991 na nguvu za farasi 130. Umbali wa milimita 118 kutoka katikati ya silinda moja hadi nyingine haukubadilishwa kwa zaidi ya miaka 30, lakini kipenyo cha silinda kilipanda kutoka milimita 80 hadi 100, na ujazo ukafika lita 3.6. Kila upanuzi ulikula chuma kilichobaki kati ya silinda na kuongeza joto. Historia ya magonjwa ya injini hii ni historia ya upanuzi huo.

Afrika Mashariki iliijua familia hii mapema. Vic Preston alishinda Safari Rally ya 1954 kwa Volkswagen, na miaka 24 baadaye mwanawe, Vic Preston Jr, akamaliza wa pili kwa 911 SC iliyoandaliwa na kiwanda chenyewe. Sobiesław Zasada alikuwa wa pili mwaka 1972 na Björn Waldegård wa pili mwaka 1974, wote kwa 911. Katika miaka hiyo Porsche haikuwahi kuchukua ushindi wenyewe, jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kukumbushwa. Waldegård alikuja kuupata kwa 911 mwaka 2011, katika mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic.

Mwaka wa injini ndio unaoamua kazi itakuwaje. Za mwanzo kabisa zilikuwa na bloku ya alumini. Kuanzia 1968 kiwanda kikahamia magnesiamu kupunguza uzito, na hilo halikuleta tabu mpaka injini ya lita 2.7 ilipoingia katika magari ya kawaida mwaka 1974. Magnesiamu ni laini. Studi za chuma zinazobana silinda na hedi zimepandwa ndani yake, na injini ikichemka, silinda za alumini zinatanuka kuliko studi, zinazivuta, na nyuzi za magnesiamu zinang'oka. Nchini Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu magari ya 1975 hadi 1977 yalifungiwa vyombo vya kuchoma moshi vilivyoongeza joto chini ya hedi. Tiba inajulikana: kila tundu la studi linatobolewa upana zaidi na kuvishwa kikombe cha chuma chenye nyuzi ndani na nje. Injini ya 2.7 iliyofunguliwa ikafungwa bila vikombe hivyo imefungwa bure.

Mwaka 1978 ikaja SC ya lita 3.0 ikiwa na bloku ya alumini, na wengi wanaiona kuwa bora kuliko zote kwa anayejifunza. Nayo ina lake. Studi za safu ya chini zilitengenezwa kwa aloi iitwayo Dilavar, inayotanuka karibu sawa na alumini. Wazo lilikuwa zuri, ila aloi hiyo inaliwa na kutu kutoka nje mpaka siku moja inakatika gari likiwa limeegeshwa tu. Wajenzi wengi leo wanazitoa zote na kuweka za chuma cha kawaida. Carrera ya lita 3.2, ya 1984 hadi 1989, ilileta vikaza cheni vinavyolishwa kwa presha ya oili, vikaondoa ugonjwa wa vile vya zamani vilivyokuwa vikilegea ghafla na kuiacha cheni ikiruka meno. Lakini bolti za konrodi zikapunguzwa hadi milimita 9, na injini ikizungushwa kupita kiwango chake hizo ndizo za kwanza kusalimu amri.

Je, ifunguliwe lini? Moshi kidogo asubuhi wakati wa kuwasha si ugonjwa, kwa maana oili hutulia ndani ya silinda zilizolala. Hata kula oili si hoja kubwa: vitabu vya kiwanda vilikubali hadi lita 1.5 kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho mwenye gari la kawaida angekimbilia kwa fundi. Ushahidi wa kuaminika ni kipimo cha uvujaji wa silinda, ambapo hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi huku valvu zikiwa zimefungwa. Upotevu chini ya asilimia 10 ni afya. Ukizidi asilimia 20 pana tatizo, na sauti ndiyo inayosema liko wapi. Hewa inayolia kwenye ekzosi inatoka kwenye valvu ya moshi, inayolia kwenye mdomo wa tangi la oili imepita ringi za pistoni. Kipimo cha pili ni rahisi zaidi: zifunguliwe kofia za valvu za chini na kuangaliwa kama kuna kichwa cha studi kilicholala humo.

Gereji haihitaji kuwa kubwa, inahitaji kuwa safi. Vifaa vya kawaida vinamaliza sehemu kubwa ya kazi, lakini kuna vichache visivyo na mbadala: stendi yenye kishikio cha injini hii, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, maikromita, saa ya kupimia inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita, na chombo cha kuizuia kamshafti isizunguke nati yake inapokazwa. Kitabu cha Wayne Dempsey kuhusu ujenzi wa injini za 911 za 1965 hadi 1989 kimewaongoza wengi wasio mafundi. Kinachofaa kununuliwa pamoja nacho ni mifuko ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika, kwani karibu kila washa ina mahali pake.

Injini hushuka kwa chini, ikiwa pamoja na giaboksi, uzito wa zaidi ya kilo 200. Betri inakatwa kwanza, oili inamwagwa kutoka kwenye injini na tangini, kisha zinaachanishwa paipu za petroli, nyaya za umeme, waya wa klachi, ekseli mbili na paipu za hita. Baada ya hayo injini na giaboksi vinaning'inia kwenye bolti nne tu: mbili nyuma ya injini na mbili kwenye giaboksi. Jeki pana yenye ubao juu yake inabeba uzito, bolti zinatolewa, na injini inateremshwa taratibu huku mtu wa pili akichungulia juu kama kuna waya uliosahauliwa. Upo kila mara. Nyuma ya gari lazima iwe imenyanyuliwa vya kutosha ili injini ipite chini ya bampa, na stendi zinazolibeba zisiwe za kubahatisha.

Kufumua ni kazi ya siku chache na ndiyo inayofurahisha, labda ndiyo maana injini nyingi za namna hii zinaishia kwenye maboksi. Nati za ekzosi zimeungana na studi kwa kutu, na anayezilazimisha bila kuzipasha moto kwanza anazikata. Zikishatoka, mabati ya kuongoza hewa, feni, kamshafti, hedi na silinda vinafuata kwa utulivu. Kila kipande kinaandikwa namba ya silinda yake: moja hadi tatu upande wa kushoto, nne hadi sita upande wa kulia. Pistoni moja haihamishiwi silinda ya jirani hata kama zinaonekana pacha.

Kisha vipimo. Silinda za SC zilitoka kwa watengenezaji wawili. Za Mahle zina ngozi ya nikeli na chembe za silikoni kabaidi, na mara nyingi zimepita kilomita laki mbili zikiwa bado ndani ya kiwango. Za Kolbenschmidt ni alumini yenye silikoni isiyo na ngozi yoyote, na zikichakaa hazisuguliwi kwa mawe ya kawaida. Wajenzi wengi hawazirudishii ringi mpya. Konrodi zinapelekwa kupimwa uduara na kuwekewa bushi mpya, na bolti zake zinatupwa, kwa kuwa ni za kunyooka mara moja tu. Gaidi za valvu, hasa za moshi, karibu zote zitakuwa zimeisha. Kazi hizi zinahitaji karakana yenye mashine za kuchonga, na ile inayozifahamu hedi za 911 inafaa kusubiriwa hata kama ya jirani ni rahisi. Kufunga injini nyumbani kunaokoa gharama ya mikono, si ya mashine wala vipuri, na hesabu ya jumla kwa kawaida inafika maelfu ya dola.

Usafi wa mfumo wa oili ndipo wengi wanapojiponza. Injini iliyosaga beringi imetapika unga wa chuma katika paipu, tangi na vipoza oili. Injini mpya ikiunganishwa na kipoza kile kile bila kukiosha, chuma hicho kinarudi kwenye beringi mpya ndani ya dakika. Ndani ya krankishafti pia mna njia za oili zilizozibwa kwa plagi ndogo. Uchafu unalala nyuma ya plagi hizo, na kuiosha kranki kwa nje hakuufikii. Lazima plagi zitolewe. Mtu anayeona uvivu kuzitoa heri asiifungue injini.

Ujenzi unaanzia chini. Nusu moja ya bloku inawekwa kwenye stendi, beringi zinapangwa, na krankishafti inalazwa ikiwa na konrodi zake zote sita tayari. Kando yake unakaa mhimili mdogo unaozungushwa na meno ya kranki. Huo ndio unaoendesha pampu ya oili na cheni mbili za taimingi. Cheni za kiwandani hazina kiungo cha kufungulia, kwa hiyo zinavishwa sasa au hazivishwi kabisa. Pampu ya oili inakaa juu ya viringi vyake vya mpira. Ni vidogo, vya bei ya soda, na kimoja kikisahauliwa pampu inavuta hewa au kupoteza presha, na njia pekee ya kukirudisha ni kuifumua injini yote.

Beringi namba nane, ile ya mwisho upande wa puli, si nusu mbili bali ni duara zima, na ina tundu dogo linalopaswa kukaa juu ya pini iliyo ndani ya bloku. Likishalala chini halionekani tena. Wajenzi huchora alama ya wino upande wa pili wa beringi, mkabala na tundu, ili wajue limekaa. Asiyefanya hivyo anaweza kuibana pini na beringi pamoja, na kranki ikawa ngumu kuzunguka.

Kati ya nusu mbili za bloku hakuna gasketi. Nyuso zimechongwa zikutane metali kwa metali, na kinachozuia oili ni utando mwembamba wa gundi, kwa kawaida Loctite 574 ya rangi ya chungwa, inayokauka pale inaponyimwa hewa. Inapakwa kwa rola ndogo upande mmoja tu, bila kuingia kwenye viti vya beringi wala matundu ya oili. Kwa vile saa yake inaanza kukimbia nyuso zinapogusana, zoezi zima hufanywa kwanza makavu bila gundi, kila bolti, washa na kiringi kikiwa kimepangwa mezani kwa zamu yake. Nusu ya pili inashushwa huku konrodi tatu zikishikiliwa wima zisianguke, na hapa mikono minne inahitajika kweli. Bolti ndefu zinazopita katikati ya bloku zinakazwa hadi nyutoni-mita 35, kuanzia katikati kwenda nje, na nati za pembeni zinafuata. Baada ya hapo kranki izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito sehemu moja ya mzunguko, bloku ifunguliwe usiku huo huo kabla gundi haijashika.

Silinda zinakaa juu ya gasketi nyembamba za shaba, za robo milimita. Ringi zinapangwa midomo yake isielekeane, pistoni inaingizwa silinda, pini inasukumwa, na kipini cha kuizuia, ambacho lazima kiwe kipya, kinabonyezwa mahali pake. Kabla ya kukibonyeza, tundu la bloku lizibwe kwa kitambaa, maana kina tabia ya kuchupa, na kikichupia ndani kitatafutwa kwa sumaku nusu siku. Valvu za hewa ziko juu na za moshi chini, kwa hiyo pistoni inawekwa kishimo kikubwa kikielekea juu. Mahali ambapo bloku au hedi zimechongwa, nafasi kati ya pistoni na hedi inapimwa kwa waya laini wa risasi: isipungue milimita moja. Hedi zinakaa, na nati zake zinakazwa kwa hatua hadi nyutoni-mita 32 tu. Ni mkazo mdogo kwa makusudi. Joto ndilo litakalomalizia, na anayeongeza kidogo kwa ajili ya usalama anavuta studi zile zile alizolipia.

Taimingi ndiyo hatua inayowaogopesha wanaoanza, japo inadai subira kuliko ustadi. Kranki inawekwa alama ya Z1 ya puli ikitazamana na mstari wa kiungo cha bloku, na kamshafti zote mbili zinawekwa mkao wake wa kuanzia. Roka ya valvu ya hewa ya silinda ya kwanza inafungwa na kurekebishwa, saa ya kupimia inawekwa juu ya valvu hiyo ikisoma sifuri, cheni ikiwa imekazwa. Kranki inazungushwa mzunguko mmoja kamili hadi Z1 irudi. Wakati huo valvu ya hewa inakuwa imeanza kufunguka, na kiasi kinachosomwa na saa ndicho kipimo chenyewe. Kwa Carrera ya 3.2 kinatakiwa kuwa kati ya milimita 1.1 na 1.4, kila kamshafti ina namba zake, na namba za toleo moja hazihamishiwi jingine.

Kipimo kisipopatikana, haipigwi hesabu ya meno ya cheni. Gia ya kamshafti imeshikwa na pini ndogo inayoweza kuingia katika tundu moja kati ya mengi, na matundu ya vipande viwili yamepishana kidogo, hivyo mabadiliko madogo sana yanawezekana. Kranki inasogezwa mpaka saa isome namba inayotakiwa, pini inachomolewa, kranki inarudishwa Z1 peke yake, na pini inaingizwa katika tundu lililolingana. Nati inakazwa, kranki inazungushwa mizunguko miwili, kipimo kinasomwa upya. Upande wa pili unafanyiwa hayo hayo kwa silinda ya nne, kranki ikiwa imegeuzwa mzunguko mmoja. Muda wote huo valvu zinaweza kugongana na pistoni. Kranki ikikataa kidogo tu, isilazimishwe.

Tapeti zinawekwa milimita 0.10 kwa valvu zote 12, injini ikiwa baridi, kwa kufuata mpangilio wa kuwaka wa 1-6-2-4-3-5. Fila gegi inapita kwa shida katika nafasi iliyo chini ya mabomba, na hata mafundi wazoefu huzirudia. Katika matoleo ya 993, ya mwisho, tapeti zinajirekebisha zenyewe kwa oili.

Mabati yanayozunguka injini yanaonekana kama pambo la kupakwa rangi, na wengine huyaacha mengine mezani. Kazi yake ni kuilazimisha hewa ya feni ipite kwenye mapezi. Mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi nao unazuia hewa iliyokwisha kupata moto chini isivutwe tena juu. Katika matoleo mengi feni inashirikiana na altaneta mkanda mmoja, na mvutano wake unarekebishwa kwa kuhamisha washa nyembamba kutoka kati ya vipande vya puli kwenda nje. Taa ya chaji ikiwaka safarini, kwenye gari hili maana yake yaweza kuwa mkanda umekatika, na injini isiyo na feni inazimwa papo hapo.

Injini ikisharudi garini, oili inajazwa, kisha starta inazungushwa plagi zikiwa zimetolewa na petroli imekatwa, mpaka mshale wa presha upande. Ndipo plagi zinarudi na injini inawashwa. Ikiwa kamshafti na roka ni mpya, inashikiliwa karibu mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi, isiachwe ikiunguruma polepole. Siku zinazofuata gari linaendeshwa kwa mzigo wa kiasi unaopanda na kushuka, kwa sababu presha ya mwako ndiyo inayozisukuma ringi zishike ukuta wa silinda. Oili ya kwanza inamwagwa mapema, na chujio lake linakatwa na kukunjuliwa kutafuta chembe zinazong'aa. Vumbi la chuma laini ni la kawaida, vipande si vya kawaida. Kiwango cha oili kinasomwa injini ikiwa moto, ikiunguruma, gari likiwa mahali tambarare, kwani ikizimwa oili huhama na kijiti kikadanganya. Oili ikiwa moto, presha ya bar 4 au zaidi katika mizunguko 5,000 inatosha. Baada ya kilomita 1,000 hivi kofia za valvu zinafunguliwa tena, tapeti zinapimwa injini ikiwa imelala usiku kucha, na studi za chini zinakaguliwa kwa kurunzi.